Rivasi Iliyokataa Kushika

"Dada, nikwambie ukweli? Injini haina tatizo. Tatizo ni mkono wako."

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokatika. Ilikuwa mara ya tatu nafika na kesi ya injini ya boti kwenye gereji ile ya Kimandolu, na mara ya tatu fundi ananiambia mashine ni nzima, mgonjwa ni mimi. Nilifungua kanga, nikamtoa mwanangu mgongoni, nikamnyooshea fundi.

"Shika mtoto."

Fundi alikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Akarudi hatua moja, mikono juu kama mtu anayekamatwa. "We dada vipi? Huoni nilivyo mchafu?"

"Ataogeshwa. Shika."

Akashika. Alimshikilia mbali na tumbo lake, kama mtu aliyepewa betri inayovuja asidi. Mwanangu alikuwa na miezi kumi wakati ule, hana woga na mtu; akazikamata ndevu za fundi akazivuta. Mafundi wengine wawili waliokuwa chini ya gari la watalii wakatoa vichwa.

"Leo umepatikana, kaka," mmoja akasema. "Mwite baba."

Mimi sikucheka. Niliokota spana namba kumi juu ya benchi, nikapiga magoti kwenye oili iliyomwagika, mbele ya injini niliyokuwa naiendesha kwa miaka mitatu.

Naomba nirudi nyuma kidogo. Nikieleza nati tu bila kueleza nilifikaje kwenye nati, nitaonekana kichaa, na wa kuniita kichaa walishatosha.

Mimi ni nahodha. Watu wa Arusha wakisikia hivyo wanacheka kwanza, halafu wanauliza bahari iko wapi. Bahari hatuna. Tuna ziwa dogo upande wa chini wa Meru, msitu umelizunguka. Ukiinjika maharage ukalizunguka kwa miguu, unarudi hayajaiva. Ziwani kuna gati la mbao, boti moja ya fiba inayobeba watu kumi, injini moja ya hosipawa kumi na tano, na kamati ya ziwa yenye wajumbe saba ambao hakuna hata mmoja anayejua kuogelea. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mwenye migomba mizuri kuliko yote kijijini. Namheshimu, au niseme nilikuwa namheshimu bila kujiuliza.

Nilianza pale kwa kupikia wageni chai. Nahodha wa kwanza alipoondoka kwenda Dar es Salaam hakukuwa na mtu mwingine aliyewahi kuigusa injini, maana jioni alikuwa ananiacha niipeleke boti bandani wakati yeye anahesabu maboya ya kuvaa. Kamati ikanipeleka mafunzo ya usalama wa majini, nikarudi na cheti. Nilimaliza kidato cha nne na fizikia yangu ilikuwa D, lakini D hiyo hiyo imenisaidia kuliko A za watu. Niliendesha nikiwa na mimba hadi mwezi wa saba. Nilipojifungua nikakaa miezi mitatu, nikarudi na mtoto. Mama yangu alikuwa anakaa naye gatini mimi nikiwa majini. Baba wa mtoto yuko Mererani, machimboni, anakuja akipata nafasi. Kwa hiyo ile boti ndiyo kazi yangu, na jina la nahodha ndilo jina pekee ambalo nimewahi kulipata kwa jasho langu mwenyewe. Hilo ndilo walilotaka kunivua.

Sasa nieleze gia, kwa sababu kila kitu kiko pale.

Injini ya boti ina mkono mmoja wa gia ubavuni. Ukiusogeza mbele, boti inakwenda mbele. Ukiuweka katikati ni huru, propela inasimama hata kama injini inanguruma. Ukiuvuta nyuma ni rivasi. Boti haina breki. Unapoingia gatini unapunguza moto, unaweka huru, unaachia boti ijiserereshe, halafu unagusa rivasi kidogo na boti inasimama kama imeshikwa mkia. Rivasi ndiyo breki. Ikikosekana rivasi, una gari la fiba lenye watu kumi linaloelekea kwenye nguzo za mbao.

Kwa miaka mitatu gia hazikuwahi kunisumbua. Kilichosumbua ni maji. Injini ikiwa nzima inakojoa: kijimfereji cha maji kinatoka ubavuni kuonyesha kwamba pampu inapoza. Mwezi ule mkojo ukaanza kutoka kwa matone. Nikazima, nikamwambia mwenyekiti raba ya pampu imekwisha, ibadilishwe kabla injini haijaungua. Arusha mafundi wa injini za boti hawapo. Wapo mafundi wa magari ya utalii, na ni mafundi kweli kweli, wanaweza kukufufulia gari lililotumbukia mtoni porini. Mwenyekiti akasema anamjua mmoja wa Kimandolu aliyemtengenezea mashine yake ya kumenyea kahawa. Injini ikapakiwa kwenye pikapu, ikaenda.

Ikarudi baada ya siku nne inakojoa vizuri sana. Lakini nilipoiwasha gatini, ikiwa huru, kamba bado imefungwa, boti ikaanza kuivuta kamba. Taratibu, kama mbuzi anayetaka majani ya ng'ambo. Nikaangalia mkono: katikati. Nikaugusa: katikati. Boti inatambaa mbele.

Nilipoweka rivasi ikalia *krrrr*, ikashika, ikaachia. Ikashika tena, ikaachia.

Siku ile ile nilimpigia fundi. Nilimwambia kwa Kiswahili kisicho na mafumbo: gia zilikuwa nzima, umefungua mguu wa injini, ule wenye propela, kubadilisha raba, umefunga, gia zimeharibika. Kuna kitu hukukirudisha sawa.

"Haiwezekani," akasema. "Pampu na gia wapi na wapi? Wewe lete."

Nikapeleka. Fundi akaifunga injini kwenye stendi ya vyuma, mguu wake ndani ya pipa la maji, akawasha. Akaweka gia ya mbele. Maji yakaruka mpaka kwenye kuta za gereji.

"Si unaona inavyosukuma!"

"Mbele inasukuma, ndiyo. Weka rivasi."

Akaweka. *Krrrr*. Akarudisha haraka. "Hii inataka utaratibu. Gia haipigwi kofi, dada. Unaingiza kama ya gari, polepole, unaisikilizia mpaka ikubali. Nyie mkiwa na haraka zenu mnaipiga tu."

"Na huru? Kwa nini huru inatambaa?"

"Hapa imetambaa wapi?"

Imefungwa kwenye stendi kwa boliti nne, itatambaa iende wapi? Lakini siku ile nilikuwa bado na adabu. Nikasema asante fundi, nikarudi na injini yangu, na nikafanya kosa ambalo bado linaniuma: nilimtii. Nilianza kuingiza rivasi polepole, naisikilizia. Kila nikiisikilizia inalia muda mrefu zaidi, na kila siku inashika kidogo kuliko jana. Nikamwambia mwenyekiti. Mwenyekiti akampigia fundi, wakazungumza wanaume wawili, na kesho yake nikakuta ubao umepigiliwa gatini, rangi mbichi: NAHODHA ABADILI GIA POLEPOLE. Nahodha ziwani tuko mmoja. Si wangeandika jina tu.

Nikapeleka injini mara ya pili. Jibu lile lile, na safari hii akanipa ushauri wa bure nijifunze kwanza gari.

Halafu ikaja siku ya wanafunzi.

Walikuwa watoto wanane wa darasa la tano na mwalimu wao wa kike, nimewafunga maboya mmoja mmoja. Tulizunguka vizuri, wakaona ndege, wakaimba. Narudi gatini, napunguza moto mbali kabisa kwa sababu nimeshaijua mashine. Naweka huru. Boti haipungui, inatambaa. Navuta rivasi polepole kama ubao unavyoniamuru. *Krrrr*, ikashika, boti ikaanza kutii, halafu ikaachia kwa mshtuko. Nikazima injini kabisa. Tukagonga nguzo ya gati kwa ubavu wa mbele.

Hakuna aliyezama, na Mungu nimemshukuru vya kutosha. Mtoto mmoja alivimba paji la uso, mwalimu aliumia goti, na mwingine jino lililokuwa linalegea tangu wiki iliyopita likatoka, naye akalionyesha kila mtu kwa furaha. Mwenyekiti alifika, akawapa pole wageni, akachukua kitabu cha matukio akaandika mwenyewe kwa mwandiko wake wa ubaoni: *Boti imegonga gati. Sababu: uzembe wa nahodha.*

"Shikamoo mwenyekiti," nikasema, maana hata salamu nilikuwa sijatoa. "Hayo maneno siyo."

"Marahaba binti. Nimeandika nilichokiona."

"Umeona nini? Umefika tumeshashuka."

"Usibishane na wazazi."

Ningeweza kulimeza hilo. Jumapili ndiyo sikuweza kuimeza. Huku kwetu, ibada ikiisha, watu wanabaki nje kwa mnada wa sadaka za mazao: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, jogoo, sukari guru. Huo ndio wakati ambao kijiji kizima kipo, na kila mwenye tangazo analitoa hapo. Jogoo alikuwa ameshanunuliwa mara mbili na kurudishwa tena kwenye sadaka, watu wanacheka, mwenyekiti akaomba dakika moja. Akasema boti ya ziwa imesimama kwa muda kwa sababu nahodha ameshindwa kubadilisha gia, kamati inatafuta mtu mwenye mkono mtulivu. Halafu mnadishaji akanyanyua mkungu wa ndizi, "Haya, ndizi hizi, nani ananianzia?"

Mtulivu. Nilikuwa nimesimama pale nimembeba mtoto, na mama yangu pembeni ameshika trei ya mayai aliyoshinda. Mama mmoja wa kwaya akaninong'oneza, "Pole mwaya, kwani kuendesha boti ni lazima? Njoo tulime karoti."

Nilikuwa naona maneno yakinikaa mwilini. Kijijini kwetu mtu akishatangazwa hivyo, hatangazwi tena vinginevyo. Nitakuwa yule dada aliyegonga watoto wa shule, na mwanangu atakuwa mtoto wa yule dada, hata akiwa na ndevu.

Jioni ile nilitafuta kwenye simu namba ya mzee wa Mwanza. Ndiye aliyeiuzia kamati injini, na alipokuja kuikagua baada ya mimi kukabidhiwa boti alikaa nasi siku mbili akanifundisha kuisafisha plagi. Sikuwa nimempigia hata mara moja. Akapokea nyuma yake kuna kelele za mwalo, watu wanagombania samaki.

"Shikamoo mzee. Ni yule nahodha wa kike wa Arusha."

"Marahaba! Wa ziwa la kwenye bakuli! Bado hujazama?"

"Nimekaribia." Nikamweleza. Hakunikatiza, jambo ambalo lilikuwa limeanza kuwa geni kwangu. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Ukiweka huru, inatulia au inatambaa?"

"Inatambaa mbele."

"Na mbele yenyewe ni nzima?"

"Nzima kabisa."

"Rivasi inashika kwa ncha, inateleza?"

"Hivyo hivyo!"

Akacheka, akaita mtu mwingine akamweleza, huyo naye akacheka. "Binti, aliyebadilisha raba ya pampu aliushusha mguu, sivyo? Huwezi kuifikia pampu bila kuushusha. Sasa mkono wako wa gia uko juu, meno yako chini kwenye mguu. Kati yao kuna fimbo ya chuma, na fimbo hiyo ni vipande viwili vimeungwa kwa nati. Ukishusha mguu unaiachanisha. Ukirudisha, lazima juu kuwe huru na chini kuwe huru, ndipo uunge. Huyo wako ameunga chini kukiwa kumeegemea mbele. Kwa hiyo gia zako zote zimesogea. Unasema huru, kumbe chini ni nusu mbele. Unasema rivasi, kumbe chini imefika nusu njia tu."

Niliandika yote nyuma ya daftari la kliniki la mtoto.

"Na wameniambia niingize polepole, mzee."

"Nani kasema?"

"Fundi. Na wamepigilia ubao."

"Hao ni watu wa magari. Gari lina klachi. Hii haina klachi, ina jino la chuma linaloruka kwenda kwenye jino lingine. Unapunguza moto kabisa, halafu unaingiza mara moja, *ka!*, imekwisha. Ukiliingiza polepole meno yanasagana pembe. Umekuwa unaitafuna mashine kwa amri ya kamati."

Sikulala vizuri, lakini sasa kwa hasira safi, iliyojua inamwendea nani. Asubuhi nikaanza na duka la vipuri Kaloleni, kuuliza kama kuna jino la gia ya injini ya boti. Muuzaji akanitolea gia ya bajaji. Nikamwambia boti, kaka. Akasema, "Kwani hiyo boti haina magurudumu?" Hakuwa anatania. Nikaondoka nikaenda Kimandolu, ambako injini ilikuwa imepelekwa na mwenyekiti bila kuniambia, ili ikaguliwe kabla ya kukabidhiwa mtu mwenye mkono mtulivu.

Na fundi akaniambia tatizo ni mkono wangu.

Kwa hiyo turudi pale nilipopiga magoti. Kwanza nilichomoa nyaya za plagi zote mbili, maana sikutaka injini iwake vidole vyangu vikiwa kwenye propela. Nikaweka mkono wa gia katikati.

"Hii ni huru, siyo?" nikauliza kwa sauti, ili na wale wa chini ya gari wasikie.

"Ni huru," fundi akasema, mtoto akiwa sasa ameegemea kifua chake kabisa.

"Propela ikiwa huru inatakiwa izunguke kama feni. Tunakubaliana?"

"Tunakubaliana."

Nikaizungusha. *Ka, ka, ka, ka.* Inagonga meno kila inapopita. Mmoja wa mafundi akatambaa akatoka kabisa chini ya gari, akaja kuchuchumaa.

"Mbona hiyo iko ndani ya gia?" akasema.

"Muulize bosi wako."

Mbele ya mguu, juu kidogo, kuna kitundu. Ndani yake nikaziona nati mbili zimebanana, kama mzee alivyosema. Nikalegeza ya kufungia, nikazungusha ya kurekebisha taratibu, huku mkono wa pili unazungusha propela. *Ka, ka.* Nikaongeza. *Ka.* Nikaongeza robo. Kimya. Propela ikazunguka kama feni. Nikaweka mbele huku nazungusha: ikakataa, imeshika. Nikaweka rivasi huku nazungusha: ikakataa, imeshika. Huru: feni.

Nilisikia mwanangu anajichekea.

"Huo unaitwa mkono wangu," nikasema.

Fundi akamrudisha mtoto, amemwachia alama tano nyeusi mgongoni. Akaizungusha propela mwenyewe mara tatu. Akaweka gia, akatoa. Nitamtendea haki: aliposhindwa alikaa chini, hakukimbia.

"Niliunga kwa jicho," akasema polepole. "Kwenye gari ningeweka alama. Hii niliona fimbo mbili tu, nikaunga."

"Na polepole?"

"Hilo nilisema kwa vile nilivyozoea."

Nikamwambia amwage oili ya mguu. Ikatoka kwenye beseni na vumbi la chuma linameta, kama pambo la kadi ya Krismasi. Akafungua mguu bila kuambiwa, akatoa lile jino. Upande wa mbele pembe zake zilikuwa kali, mpya. Upande wa rivasi zilikuwa za mviringo, kama sabuni iliyokaribia kuisha. Nililishika mkononi muda mrefu. Wiki zote zile nilizokuwa naingiza gia kwa upole kama naamsha mtoto, lile jino ndilo lilikuwa linaliwa.

"Nati umeirekebisha, lakini na jino hili rivasi itashika leo, kesho itaachia," fundi akasema. "Lazima libadilishwe."

"Najua. Litatoka Mwanza kwa basi. Sasa niandikie hayo."

"Niandike nini?"

"Ulichosema. Kwamba uliunga kwa jicho."

Akajikuna kichwa. "Dada, yaishe hapa hapa. Mimi nina wateja. Nitafunga jino bila kukudai chochote, na sisemi neno tena kuhusu mkono wako."

"Kuhusu mkono wangu ulishasema kwa mwenyekiti, mwenyekiti akasema kwa kijiji. Andika."

Hakuandika. Yule mwenzake aliyetoka chini ya gari ndiye aliyesema, "Mimi nitasaini kwamba nimeona." Nikaandika mistari miwili nyuma ya daftari la kliniki, akasaini. Mpaka leo sijui kwa nini, labda alikuwa na yake na bosi wake, lakini nilishukuru.

Nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, nimebeba jino kwenye mfuko wa nailoni. Nilimkuta kwenye kahawa yake anakata vichipukizi. Alilitazama lile jino, akanisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma. Nilidhani nimefika.

"Ahsante sana binti, umetusaidia. Basi mashine si imepona? Tumshukuru Mungu, yaishe."

"Na kitabu cha matukio?"

"Kile kimeandikwa kwa kalamu. Kitabu cha serikali hakifutwi."

"Hakifutwi, lakini mstari wa chini yake unaandikwa. Na tangazo la Jumapili?"

"Ah, tangazo." Akarudi kwenye vichipukizi vyake. "Watu wameshasahau. Ukiwakumbusha ndiyo utajiaibisha zaidi. Halafu kamati tumeshampata kijana wa Olmotonyi, amesoma kule kwenye chuo cha misitu, ni mtulivu."

"Amewahi kuendesha boti?"

"Ana leseni ya gari."

Nilisimama pale katikati ya kahawa ya mtu nikaanza kucheka, kicheko kibaya, mpaka mtoto akaamka akalia. Mwenyekiti akaniambia nikapumzike, uzazi unachosha. Nilimuaga kwa heshima, maana mama yangu hakunilea nipite mzee hivi hivi, nikashuka barabarani. Nilinunua karatasi nne za mistari na bahasha ya kaki. Mwalimu wangu wa Kiswahili wa kidato cha tatu alikuwa anatuchapa kwa barua rasmi zisizo na mpangilio. Siku ile nilimsamehe. Niliandika mezani kwa mama, nikanakili mara tatu kwa mkono, nikapeleka mwenyewe ofisi ya kata. Karani alitaka kuiweka kwenye trei. Nilimwambia agonge muhuri wa kupokea mbele yangu kwenye nakala yangu, na nikasubiri mpaka alipoutafuta wino. Majina nimeyaondoa hapa. Mengine yote ni kama yalivyopokelewa:

*Kwa Afisa Mtendaji wa Kata.*

*Nakala: Mwenyekiti wa Kamati ya Ziwa, Mkuu wa gereji, Kimandolu.*

*YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KAMATI YA ZIWA NA GEREJI KUHUSU AJALI YA BOTI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni nahodha wa boti ya ziwa, mwenye cheti cha mafunzo. Nalalamika kama ifuatavyo.*

*Gereji ilishusha mguu wa injini kubadilisha raba ya pampu ya maji. Iliporudisha iliunga fimbo ya gia bila kuhakikisha kwamba juu na chini vyote viko huru. Kuanzia hapo boti ilitambaa ikiwa huru na rivasi ikawa haishiki. Nilitoa taarifa siku ile ile, na baadaye nikapeleka injini mara mbili kabla ya ajali. Mara zote nilijibiwa kwamba kosa ni langu.*

*Gereji ilinielekeza kuingiza gia polepole, na Kamati ikaweka ubao gatini wenye amri hiyo. Amri hiyo ni ya hatari kwa injini ya aina hii, kwani inasaga meno ya gia. Jino lililosagika ninalo na niko tayari kulionyesha kwa mtu yeyote atakayeteuliwa. Yupo shahidi aliyeona gia zikirekebishwa na amesaini.*

*Kamati iliandika kwenye kitabu cha matukio kwamba ajali imetokana na uzembe wa nahodha bila kunihoji na bila kukagua injini, na ikalitangaza hilo hadharani.*

*Naomba yafuatayo. Kwanza, boti isibebe mtu hata mmoja mpaka jino jipya lifungwe na gia zote tatu zijaribiwe majini boti ikiwa haijafungwa, si kwenye pipa. Pili, chini ya maandishi ya kitabu cha matukio iandikwe sababu halisi ya ajali, na isainiwe na mwenyekiti. Tatu, tangazo la masahihisho litolewe mahali pale pale na mbele ya watu wale wale. Nne, ubao wa gatini uondolewe. Tano, asikabidhiwe boti mtu ambaye hana cheti cha kuendesha boti, hata awe mtulivu kiasi gani.*

*Mzazi wa kila mtoto aliyekuwa ndani ya boti siku ile ana haki ya kujua kilichotokea. Ofisi yako isipowajulisha, nitakwenda shuleni kuwajulisha mimi.*

*Naomba nijibiwe kwa maandishi. Ya mdomo nimeshayasikia.*

*Wako katika ujenzi wa taifa,*

*Nahodha.*